Mpelekee Msimamizi Kikao Kilichokushinda

Oktoba ya mwaka wangu wa mafunzo tarajali nilikaa na msimamizi wangu katika chumba kidogo cha kliniki, kompyuta mbele yetu, nikampa asikilize dakika kumi za kikao nilichofanya siku mbili nyuma. Dakika hizo nilikuwa nimezichagua mwenyewe usiku uliotangulia. Mteja alikuwa mama wa makamo kutoka Kivu, aliyekaa kambini miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Baadhi ya mambo yake nimeyabadilisha hapa ili asitambulike. Tulikuwa tukizungumza Kiswahili, mimi cha Morogoro, yeye cha Kongo, bila mkalimani, na nilijiona mwenye bahati kuliko watarajali wenzangu wote.

Msimamizi hakujua neno hata moja la Kiswahili. Alisikiliza dakika zangu kumi nikimtafsiria, akashukuru, kisha akaomba turudi nyuma kidogo, kabla ya pale nilipoanzia. Tukarudi. Ikasikika sauti ya mama, sentensi fupi, halafu kimya kirefu, halafu sauti yangu.

“Hapa amesema nini?”

“Amesema roho yake imechoka.”

“Na wewe?”

“Nimesema, pole sana mama.”

“Imechoka na nini?”

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuuliza. Ndani ya kikao maneno yale yalinipita kama yanavyotupita kila siku katika lugha yetu. Nani hajawahi kusema roho yake imechoka? Nilipolazimika kumtafsiria mtu asiyejua Kiswahili ndipo nilipoyasikia. Alasiri ile ile tulimpigia simu mama yule, msimamizi akiwa pembeni yangu, nikamuuliza waziwazi kama huwaza kujiua. Akajibu kwamba kuna usiku humwomba Mungu asiamke. Kesho yake asubuhi alikuwa kliniki, tukaandika naye mpango wa usalama.

Kisa hiki ndicho kinachobeba ushauri wangu wote kwa Mwafrika Mashariki anayesomea saikolojia ya tiba Marekani na anayekaribia mwaka wa mafunzo. Mpelekee msimamizi wako kikao kilichokushinda, au kile usicho na hakika nacho, kabla ya kile unachojivunia. Mengine nitakayoeleza, tangu kuomba nafasi hadi kuaga wateja, ni ya kuliwezesha hilo.

Mwaka wenyewe

Shahada ya uzamivu ya saikolojia ya tiba nchini Marekani haikamiliki kwa madarasa na tasnifu pekee. Lazima ufanye kazi chini ya usimamizi kwa mwaka mzima, kwa kawaida saa 2,000 hivi ndani ya miezi 12. Wengine huenda hospitalini, wengine magerezani, wengine katika vituo vya ushauri nasaha vya wanafunzi. Mimi nawazungumzia wanaokwenda kwenye kliniki za afya ya akili zinazoendeshwa na vyuo vikuu kwa ajili ya watu wa mjini. Humo mtu analipa kulingana na kipato chake, na anayemhudumia mara nyingi bado ni mwanafunzi, nyuma yake akiwapo mwanasaikolojia mwenye leseni anayebeba dhamana.

Taaluma yenyewe ilizaliwa katika kliniki ya namna hii. Mwaka 1896, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Lightner Witmer alianzisha kliniki ya kwanza ya saikolojia baada ya mwalimu mmoja kumletea mvulana aliyeshindwa kabisa kuandika maneno kwa tahajia sahihi. Katika uchunguzi wake Witmer aligundua kwamba macho ya kijana yalikuwa na kasoro. Huwa nawakumbusha watarajali kisa hicho, maana wengi huja na nadharia nzito kichwani wakasahau kuuliza kama mteja amekula, analala wapi, na kama anaona vizuri.

Kuomba nafasi

Nafasi nyingi hupitia chama cha vituo vya mafunzo kiitwacho APPIC, kilichoundwa mwaka 1968. Tangu mwaka 1999 mgawanyo hufanywa kwa kompyuta: wewe unaviorodhesha vituo kwa jinsi unavyovitaka, vituo navyo vinawaorodhesha waombaji, kisha programu inawakutanisha. Maombi hutumwa kati ya Oktoba na Desemba, usaili hufuata, na matokeo ya awamu ya kwanza hutoka Februari. Aliyekosa huingia awamu ya pili, ambayo matokeo yake hutoka Machi. Matokeo huwafunga wote wawili, wewe na kituo.

Kwa hiyo panga orodha yako kwa ukweli. Usikiweke juu kituo usichokipenda sana kwa kuwa tu unadhani kitakukubali. Mfumo umejengwa hivi kwamba kukitanguliza kituo kigumu hakukupunguzii nafasi ya kukipata kilicho chini yake. Waliokutangulia watakutisha na habari za mwaka 2012, wakati waombaji walipozidi nafasi kwa mbali na mamia wakabaki bila kituo. Miaka iliyofuata nafasi ziliongezeka hadi zikawazidi waombaji. Hofu ya zamani isikupangie orodha ya leo.

Kwa sisi tuliotoka nje, kuna mambo mawili ambayo wenzetu Wamarekani hawana haja ya kuyajua, na kwa sababu hiyo hawatakuambia. La kwanza, hospitali za maveterani, ambazo zina nafasi nyingi na nzuri, hudai uraia wa Marekani. Usipoteze ada ya maombi huko kama huna uraia. La pili ni kibali cha kazi. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 anaweza kufanya mwaka huu kwa kibali cha CPT, kwa kuwa mafunzo ni sehemu ya masomo. Lakini ukitumia CPT ya muda wote kwa miezi 12 au zaidi, unapoteza haki ya OPT, yaani kibali cha kufanya kazi baada ya kuhitimu ngazi hiyo. Na mafunzo haya ni ya miezi 12! Nimeshuhudia mtu akilijua hilo mwezi wa Juni, mwaka wa mafunzo ukiwa ukingoni. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujatuma ombi la kwanza, uwe na tarehe zako mkononi, ueleze unachotaka kufanya baada ya kuhitimu, na uombe majibu yao kwa maandishi.

Kuhusu insha za maombi nina moja tu la kusema. Katika ile inayohusu tofauti za watu na tamaduni, usijitwishe kazi ya kuiwakilisha Afrika nzima. Simulia kisa kimoja cha kazi yako, mtu mmoja, chumba kimoja, kosa moja na ulivyolirekebisha. Anayesoma maombi mia mbili atalikumbuka hilo.

Ukiitwa kwenye usaili, swali lako kubwa liwe hili: nani atanisimamia, na ataionaje kazi yangu? Kwa vigezo vya APPIC, mtarajali wa muda wote apate angalau saa nne za usimamizi kwa wiki, mbili kati yake zikiwa za yeye peke yake na mwanasaikolojia mwenye leseni. Katika vituo vyenye ithibati ya Chama cha Saikolojia cha Marekani, wasimamizi hutakiwa pia wamwone mtarajali akiwa kazini, moja kwa moja au kwa rekodi, katika kila kipindi cha tathmini. Lakini kutimiza kigezo ni jambo moja, na kukaa na mtu ukasikiliza naye ni jambo jingine. Waulize husikiliza rekodi mara ngapi. Waulize mtarajali wao alipokosea mwaka jana walifanyaje. Kisha omba nafasi ya kuzungumza na watarajali waliopo bila wakubwa kuwapo, na uwaulize swali lile lile. Wakitazamana kabla ya kujibu, umeshajibiwa.

Siri, na salamu

Wiki za mwanzo utafundishwa fomu, mfumo wa majalada, na mipaka ya siri. Hili la siri lichukulie kwa uzito wote, maana katika kliniki ya chuo lina historia yake. Mwaka 1969 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alimweleza mwanasaikolojia wa hospitali ya chuo kwamba alikusudia kumuua msichana. Mwanasaikolojia aliwaarifu polisi wa chuo, nao wakamshika kijana, wakamhoji, wakamwachia. Hakuna aliyemwonya msichana mwenyewe, Tatiana Tarasoff, na Oktoba hiyo aliuawa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda mtu anayetishiwa. Majimbo mengine yana sheria zake, na hazifanani, kwa hiyo ya jimbo lako uijue kabla ya mteja wa kwanza.

Mteja anayezungumza Kiswahili usimpe fomu ya kurasa nne aisome peke yake. Mwambie kwa mdomo. Mimi husema hivi: “Mama, tutakayozungumza humu yanabaki humu. Simwambii mumeo, simwambii mchungaji, simwambii mtu wa ofisi ya wakimbizi. Ila kuna mambo ambayo siwezi kuyanyamazia: ukiwa katika hatari ya kujiua, ukitaka kumdhuru mtu, au mtoto akiwa anaumizwa. Hapo nitaomba msaada, na nitajitahidi nikuambie wewe kwanza.” Pia mwambie kwamba una msimamizi, kwamba kikao kinarekodiwa kwa idhini yake, na kwamba rekodi itafutwa. Wapo wanaokataa kurekodiwa kwa sababu mara ya mwisho sauti zao kurekodiwa ilikuwa kwenye mahojiano ya ukimbizi. Usimshawishi siku hiyo. Mweleze msimamizi, mtatafuta njia nyingine ya yeye kukuona kazini.

Kisha zungumzia salamu. Mwongozo wa kliniki utasema kwamba ukikutana na mteja nje usimsalimie mpaka akuanze yeye, ili asijulikane kuwa anatibiwa. Kwa Mmarekani hilo ni jambo dogo. Kwa mama wa Bukavu au Kigoma, kijana anayepishana naye dukani bila kumwamkia amemtukana. Nami nilipishana na mteja wangu kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, mbele ya rafu ya unga wa muhogo, nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Wiki mbili hakuja kliniki. Tangu hapo, siku ya kwanza kabisa namuuliza mteja: “Tukikutana kanisani au dukani, tufanyeje?” Wengi hucheka, halafu tunapatana. Mmoja alisema nimwamkie kama ninavyomwamkia kila mama, kwani nisipofanya hivyo ndipo watu watakapojiuliza. Alikuwa sahihi kabisa.

Saa ya usimamizi

Hapa ndipo tunapokwama sana sisi tuliosoma Afrika Mashariki, na sababu inaeleweka. Tumelelewa katika shule ambako kosa likionekana lilifuatwa na adhabu, na aliyejifunza mapema kulificha ndiye aliyepita. Tumelelewa pia kwamba mbele ya mkubwa hujisifu, humpingi, na humwelezi unavyojisikia. Sasa unaingia chumbani kwa mtu mwenye umri wa mama yako, mwenye leseni na mamlaka ya kukufelisha, naye anakuomba umwonyeshe ulipokosea na umwambie hukubaliani naye wapi.

Katikati ya mwaka wa mafunzo nilipokea tathmini iliyosema kwamba “sishiriki mawazo yangu”. Niliumia, kwa sababu nilidhani nilikuwa naonyesha heshima. Msimamizi alikuwa amekiona kimya changu na kudhani hakuna kitu nyuma yake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya; tulikuwa tunasoma kitabu kimoja kwa lugha mbili. Ndiyo maana nakushauri useme wiki ya kwanza, kabla halijatokea lolote: “Nilikolelewa, kumpinga mkubwa ni utovu wa adabu. Nikinyamaza, usidhani nimekubali. Niulize.” Sentensi hizo ningezisema Agosti, zingeniokolea miezi mitano.

Kuhusu rekodi, kazi ifanye siku ile ile ya kikao, kumbukumbu ikiwa bado ya moto. Mara mteja anapotoka, kabla hujaenda kuchota maji, andika dakika uliyohisi tumbo kukaza, ulipokosa la kusema, au uliposema haraka kupita kiasi. Jioni isikilize dakika hiyo na mbili zilizotangulia. Andika sentensi tatu: nilikuwa nataka nini, kilitokea nini, nilihisi nini. Ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo itakayokusaidia zaidi. Kama ulihisi hasira kwa mteja, andika hasira. Kama alikukumbusha shangazi yako, andika shangazi.

Siku ya usimamizi anza na dakika hizo. Usianze na habari za wateja wote kumi na wawili, kila mmoja dakika tano. Hiyo ni njia ya heshima ya kujificha, na saa itakwisha hujaguswa. Sema, “Nimekwama hapa, naomba tusikilize,” kisha bonyeza. Usijitetee wakati rekodi inaendelea. Najua mkono utatamani kusimamisha ili ueleze. Uache.

Msimamizi akikupa ushauri usiowafaa wateja wako, mwambie. Wangu aliwahi kunitaka nimhimize dada mmoja wa Kiburundi “aweke mipaka” na mama mkwe wake, yaani amwambie asije nyumbani bila taarifa. Nilimeza mate, nikasema: “Naogopa akifanya hivyo atabaki peke yake mji mzima. Naomba kwanza nimuulize ni nani katika ukoo anayeweza kumsemea.” Msimamizi alinyamaza kidogo, akaandika kitu kwenye daftari lake, akaniambia nijaribu. Yule dada alikuwa na wifi mkubwa, na wifi ndiye aliyezungumza.

Jambo la hatari halisubiri saa ya usimamizi. Mteja akitaja kifo, silaha au mtoto anayepigwa, mwombe akusubiri kidogo, nenda kagonge mlango wa msimamizi, au wa mwanasaikolojia yeyote aliye zamu. Usiogope kumkatiza mkutano. Katika kliniki nzuri hakuna anayekasirikia mlango uliogongwa kwa sababu hiyo, na kama yupo, huyo ndiye mwenye la kujieleza.

Ukiwa unaijua lugha

Kwa miaka kadhaa hadi 2024 Kongo ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao huzungumza Kiswahili. Utawakuta Lexington na Louisville katika jimbo la Kentucky, Boise kule Idaho, Portland ya Maine, na miji mingine mingi. Kliniki ikigundua kwamba unajua Kiswahili utapewa wateja hao mara moja, na ndipo hatari niliyoieleza mwanzoni inapoanza.

Katika kila kikao cha Kiswahili, jifanye mara moja kwamba Kiswahili hukijui. Mteja akisema ana “mawazo mingi”, au “roho inaniuma”, au kichwa kinajaa, usimeze. Muulize: “Ukisema mawazo mingi, kwako inakuwaje? Inaanza saa ngapi? Ikija unafanya nini?” Usimletee maneno yako ya kitabuni. “Sonona” ya Dar es Salaam na “unyogovu” wa Nairobi, mama wa Uvira pengine hajawahi kuyasikia, na atakubali tu kwa adabu. Kumbuka pia kwamba kwa wengi Kiswahili si lugha ya kwanza. Kuna Kibembe, Kifuliiru, Mashi, Kinyamulenge nyuma yake. Mtu anaweza kuagiza bidhaa sokoni kwa Kiswahili miaka ishirini na bado akalilia kwa Kibembe. Muulize huomba kwa lugha gani akiwa peke yake, na inapofika pale pagumu mwache aseme kwa lugha hiyo kwanza, kisha akurudishie.

Swali la kujiua liulize kwa umbo la kukubali: “Umewahi kufikiria kujiua?” Tazama tofauti na “Hujawahi kufikiria kujiua, eti?” Hili la pili limeshampa jibu mdomoni, atasema “hapana” ili asikuaibishe. Usizungukezunguke na “kujidhuru” au “mawazo mabaya”, ambayo kwa mwingine ni kumwonea wivu jirani. Mtangulizie sentensi moja ya kumwondolea aibu, kwamba watu wengi waliopita alikopita huwaza hivyo, kisha taja neno lenyewe, kisha nyamaza. Lipo dodoso fupi la PHQ-9, lenye maswali tisa na tafsiri yake ya Kiswahili, na swali la tisa linagusa mawazo ya kifo. Litumie, lakini alama ya sifuri kwenye karatasi isikuzuie kuuliza kwa mdomo. Mama yangu wa Kivu alikuwa ameandika sifuri.

Mpango wa usalama mnaouandika baada ya hapo una hatua sita, kwa mtindo uliobuniwa na Barbara Stanley na Gregory Brown: dalili za onyo, anachoweza kufanya peke yake, watu au mahali pa kumtoa mawazoni, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu wa kuwapigia, na kuondoa vitu vya hatari nyumbani. Andika kwa maneno yake mwenyewe. Wa mama yule ulisema, kwa hatua ya pili, aimbe nyimbo za kwaya ya kambini kwa sauti, si kimoyomoyo. Kwa hatua ya nne uliandikwa wifi yake wa Ohio, ambaye hufanya kazi ya usiku na simu yake iko wazi saa nane za usiku. Kwa hatua ya tano kliniki, na 988, namba ya msaada ya nchi nzima iliyoanza Julai 2022. Kwa hatua ya sita, vidonge vya presha na vya maumivu vikawekwa kwa mwanawe mkubwa, akawa anapewa vya wiki moja moja. Tulimpigia kijana simu palepale kwa idhini ya mama. Mpango usio na simu iliyopigwa palepale bado ni karatasi.

Lugha ya mteja usipoijua, tumia mkalimani aliyefunzwa, kamwe si mtoto wa nyumbani, hata kama anajua Kiingereza kama maji. Kaeni pembetatu, zungumza na mteja ukimtazama mteja, tumia sentensi fupi. Zungumza na mkalimani dakika tano kabla na dakika tano baada ya kikao. Ya baada ni kwa ajili yake pia, kwani huenda amesikia kijiji chake kikitajwa. Kabla ya yote muulize mteja kama yuko radhi na mkalimani wa mji huo huo au angependa wa simu aliye jimbo jingine. Jumuiya zetu ni ndogo, na vita vya nyumbani havikubaki nyumbani.

Nawe usikubali kugeuzwa mkalimani wa kliniki. Itaanza kama ombi la dakika kumi kutoka kwa mwenzako unayempenda. Kataa kwa upole na mpeleke kwa msimamizi. Saa zako za mafunzo zina hesabu, na mteja wa mwenzako anastahili mtu aliyesomea ukalimani.

Vipimo vya akili na kumbukumbu vilivyosanifiwa kwa Wamarekani usivitumie kwa aliyekulia kambini kana kwamba alama zake zina maana ile ile. Ukilazimika, andika wazi katika ripoti mipaka ya matokeo. Maelezo ya kikao yaandike siku hiyo hiyo, mafupi, ya mambo yaliyotokea, ukikumbuka kwamba mteja ana haki ya kuyasoma.

Kuaga

Mafunzo yana tarehe ya kuisha na mteja aijue siku ya kwanza: “Mimi nipo hapa mpaka mwisho wa Julai.” Mkumbushe Aprili, tena Juni. Watu waliozoea kuachwa ghafla, kwa vita au kwa basi la kambini, wanahitaji kuona mtu akiondoka kwa utaratibu. Wengine watakasirika, watakosa vikao. Hizo ndizo rekodi za kumpelekea msimamizi mwezi wa Julai, ingawa utatamani kumpelekea zile za shukrani.

Zawadi zitakuja. Mama wa Kivu aliniletea sombe, yaani kisamvu, kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko, akasema, “Kula, mwanangu, umekonda.” Nilipokea kwa mikono miwili, nikamweleza msimamizi saa ile ile, nikaandika kwenye jalada. Zawadi ya bei kubwa ningeikataa. Chakula cha mama, kukikataa kungeharibu kazi ya miezi tisa. Zungumzeni mapema na msimamizi kuhusu hili ili siku ikifika usitetereke mlangoni.

Nilimkabidhi kwa mwanasaikolojia mwingine kwa vikao viwili vya pamoja, mkalimani akiwa kwenye simu, na mpango wake wa usalama ukiwa mezani ili mgeni ausome na kuuliza. Tarehe 31 Julai rekodi zote za mwaka zilifutwa, kama fomu ya idhini ilivyoahidi. Zilifutwa pia zile ambazo sikumpelekea msimamizi, na yaliyokuwamo sitayajua tena. Rekodi yako ya wiki hii bado ipo. Isikilize leo jioni.